Dawa za kontrasti na seli nyekundu za damu: ipi inamfaa nani?

Fomu ya ridhaa ya CT (picha za eksirei za mwili kipande kwa kipande) yenye kontrasti, dawa inayodungwa ili mishipa na viungo vionekane vizuri, huuliza habari za figo, kisukari na mzio. Mara nyingi haiulizi neno kuhusu damu, ingawa damu ndiyo inayopokea dawa hiyo kabla ya kiungo kingine chochote. Kwa mtu ambaye damu yake haina tatizo, ukimya huo haumdhuru. Kwa mwenye selimundu, mwenye figo zilizochoka, au anayekwenda kupitishiwa mrija ndani ya ateri za moyo, ni vyema ajue mapema kinachozipata seli zake nyekundu.

Nimeweka pamoja hapa makundi manne ya dawa zinazodungwa ili picha ionekane vizuri: dawa za iodini za kizazi cha kwanza, za kizazi kilichofuata, ile yenye osmolaliti sawa na ya damu, na zile za gadoliniamu zinazotumika kwenye MRI, kipimo cha picha kinachotumia sumaku. La tano, viputo vya altrasaundi, nitalipitia kwa haraka. Mzio nimeuacha kando kwa makusudi: una njia zake mwilini, na kuuchanganya na suala la seli nyekundu ndiko kunakowapoteza wengi.

## Vigezo vya kulinganisha

Seli nyekundu ni bapa lenye mbonyeo pande zote mbili, kipenyo chake mikromita 7 hadi 8. Kapilari nyingi ni nyembamba kuliko hapo. Kwa hiyo seli hujikunja ili ipenye, na hufanya hivyo kwa takriban siku 120 za uhai wake. Ili iweze, inahitaji utando laini, umbo lenye nafasi ya kujipinda, na himoglobini, protini inayobeba oksijeni, ambayo haijakolea kupita kiasi. Dawa ya kontrasti inaweza kuvuruga lolote kati ya hayo.

Kigezo cha kwanza ni osmolaliti, yaani wingi wa chembe zilizoyeyuka katika kila kilo ya maji. Plazma ya damu ina miliosmoli 290 hivi. Dawa ikizidi hapo, maji hutoka ndani ya seli kwenda nje, kama yanavyotoka kwenye kipande cha tango kilichonyunyiziwa chumvi. Seli husinyaa, himoglobini hukolea, na kujikunja kunakuwa kazi ngumu.

Cha pili ni mnato. Damu nzima yenye joto la mwili ina mnato wa sentipoizi 3 hadi 4 hivi. Dawa nyingi za iodini ni nzito zaidi ya hapo, na dawa nzito ikiingia kwenye mshipa mwembamba hupunguza mwendo wa kila kilichomo. Kwa maoni yangu hiki ndicho kigezo kinachopuuzwa kuliko vyote, kwa sababu kila mtu amefundishwa osmolaliti akaishia hapo.

Cha tatu ni molekuli yenyewe. Dawa mbili zinaweza kuwa na osmolaliti inayokaribiana na bado zikaufanyia utando mambo tofauti: moja ikauacha ulivyo, nyingine ikaufanya uote miiba midogo kuzunguka seli. Kwa hiyo kusinyaa na kuota miiba ni matukio mawili, ingawa yanaweza kuonekana katika tone lilelile la damu.

Cha nne ni njia, kiasi na kasi. Dawa iliyodungwa kwenye vena ya mkono hupita moyoni na mapafuni ikichanganyika na damu nyingi kabla ya kufika kwenye figo. Iliyotolewa na mrija ndani ya ateri hufika kwenye kiungo ikiwa karibu kama ilivyotoka kwenye chupa. Chupa moja, athari mbili.

La mwisho ni seli ni za nani, na hilo tutalirudia kwenye kila kundi.

Tahadhari moja kabla ya kuendelea. Picha nyingi za kutisha za seli zilizoharibika zimepigwa maabara, damu ikiwa imechanganywa na dawa kwa viwango ambavyo mwilini hudumu kwa muda mfupi sana. Kwa mwenye figo nzima, nusu ya dawa ya iodini hutoka kwenye damu ndani ya saa 2 hivi, na seli nyingi hurudia umbo lake zikishakutana na plazma safi. Maabara inatuonyesha jinsi athari inavyotokea, lakini haitoshi kusema mgonjwa aliyelala kitandani ataumia kiasi gani.

## Dawa za iodini zenye osmolaliti kubwa

Diatrizoeti na iothalameti ni za kizazi cha miaka ya 1950 na 1960. Zina chaji ya umeme, na kila molekuli ikiyeyuka hugawanyika vipande viwili. Unapata atomi 3 za iodini kwa kila chembe 2, hesabu isiyo na faida: ili picha iwe nyeupe ya kutosha, lazima umimine chembe nyingi mno.

Kwa seli: osmolaliti hufika kati ya 1,500 na 2,000, mara tano hadi saba ya plazma. Seli hunyang'anywa maji, hukauka na kuwa ngumu.

Kwa mkondo wa damu: maji yanayovutwa kutoka kwenye seli na tishu huingia kwenye mishipa, ujazo wa plazma ukaongezeka, na asilimia ya seli nyekundu ikashuka kwa muda. Mishipa hutanuka. Lile joto kali na maumivu ambayo wagonjwa wa zamani wanayasimulia yalitoka hapo. Faida moja ya kweli ni kwamba dawa zenye chaji huzuia damu kuganda kwa nguvu zaidi kuliko zisizo na chaji.

Inamfaa nani: kwa kudungwa kwenye mshipa, karibu hakuna mtu leo ikiwa kuna chaguo jingine. Bado zina kazi pale zisipokutana na damu moja kwa moja, kwa mfano zikinywewa ili kuonyesha utumbo au zikiingizwa kwenye kibofu. Kwa mwenye selimundu, kundi hili lisiingie kwenye mshipa. Himoglobini S, ile ya selimundu, iliyokolea ndani ya seli iliyokauka ndiyo hasa inayojipanga kuwa nyuzi na kuipinda seli.

## Dawa za iodini zisizo na chaji, zenye osmolaliti ndogo

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa radiolojia wa Uswidi, Torsten Almén, alipendekeza jambo ambalo leo linaonekana jepesi: iondoe chaji, molekuli haitagawanyika. Atomi 3 za iodini, chembe 1. Mzigo wa osmosi ukakaribia nusu bila picha kupoteza weupe. Ya kwanza ilikuwa metrizamidi, kisha zikaja ioheksoli, iopamidoli, iopromidi na wenzake, ambazo ndizo zilizojaa kwenye vyumba vya CT.

Kwa seli: udogo wa osmolaliti unaotajwa ni ukilinganisha na dawa za zamani. Ioheksoli yenye miligramu 300 za iodini kwa mililita ina 672. Ile ya 350 ina 844. Hiyo bado ni zaidi ya maradufu ya plazma, karibu mara tatu. Seli husinyaa, ila kidogo kuliko zamani. Kinachojitokeza zaidi hapa ni ile miiba. Baadhi ya dawa za kundi hili huathiri utando kwa namna isiyoelezwa na osmosi peke yake, na hazifanani: majaribio ya maabara yameonyesha tofauti kati ya dawa na dawa ndani ya kundi hilohilo. Seli yenye miiba ni ngumu kuikunja, na pale inapolazimika kupita kwenye kapilari nyembamba huchelewa.

Kwa mkondo wa damu: mnato wa ioheksoli 300 ni sentipoizi 6.3 kwenye nyuzi 37. Wa 350 ni 10.4. Zikiwa kwenye nyuzi 20, joto la chumba chenye ubaridi, zinapanda hadi 11.8 na 20.4. Kwa maneno mengine, kupasha chupa joto hadi kiwango cha mwili kunapunguza mnato kwa karibu nusu, bila kubadili dawa wala kumgusa mgonjwa. Sijui hatua nyingine rahisi inayotoa faida kubwa hivyo.

Upande wa kuganda, hapa uangalifu unahitajika. Mwaka 1987 iliripotiwa kwamba damu iliyoingia kwenye bomba la sindano lenye dawa isiyo na chaji ilifanya mabonge. Dawa hizi nazo huzuia kuganda, ila kidogo kuliko za zamani, hivyo kosa la mkono lililokuwa likifichwa na dawa ya zamani likajitokeza. Anayefanya kazi ndani ya ateri huzuia damu isirudi kwenye bomba na husafisha mrija mara kwa mara.

Inamfaa nani: walio wengi. CT ya kifua, tumbo, mishipa ya mapafu, kwa mtu mwenye figo za kawaida au zilizopungua kidogo, kundi hili linatosha. Mwenye selimundu pia anaweza kulitumia. Miongozo ya sasa ya wataalamu wa radiolojia haimzuii, mradi asiwe amekaukiwa maji.

## Dawa ya iodini yenye osmolaliti sawa na ya damu

Hapa mjadala unanoga. Iodiksanoli ni molekuli mbili zilizounganishwa: atomi 6 za iodini kwa chembe 1. Osmolaliti yake ya asili iko chini ya ile ya damu, kwa hiyo watengenezaji huongeza chumvi za sodiamu na kalsiamu hadi ifike 290 kamili.

Kwa seli: ukitazama kwa darubini, hili ndilo kundi la iodini linalozibakiza seli karibu na umbo lake. Maji hayana sababu ya kutoka, na miiba ni michache. Kama kigezo chako ni umbo la seli peke yake, umeshapata jibu.

Kwa mkondo wa damu: lakini molekuli kubwa ina gharama. Iodiksanoli ya 320 ina mnato wa sentipoizi 11.8 kwenye nyuzi 37 na 26.6 kwenye nyuzi 20. Ndiyo nzito kuliko wenzake, na ukiitumia bila kuipasha joto umeitupa sehemu ya faida yake. Isitoshe, ikishachujwa na figo, mwili hurudisha maji kutoka kwenye mkojo unaotengenezwa, dawa ikabaki ikikolea ndani ya mirija ya figo na mnato ukapanda zaidi. Dawa zenye osmolaliti ya juu kidogo huvuta maji pamoja nazo na kujisukuma nje, hii haivuti. Seli nyekundu zimepata nafuu, na sehemu ya deni imepelekwa kwenye figo.

Je, figo hulipa deni hilo kweli? Mwaka 2003 utafiti wa NEPHRIC ulilinganisha iodiksanoli na ioheksoli kwa wagonjwa 129 wenye kisukari na figo dhaifu waliopigwa picha za ateri. Kreatinini, taka ya damu inayopanda figo zikilemewa, ilipanda kwa miligramu 0.5 kwa desilita au zaidi kwa asilimia 3 ya waliopata iodiksanoli, na asilimia 26 ya waliopata ioheksoli. Wengi wakadhani mjadala umekwisha. Tafiti zilizofuata, hasa zilizoilinganisha na dawa nyingine zisizo na chaji, hazikutoa tofauti hiyo kwa uthabiti. Ndiyo maana mwongozo wa 2012 wa KDIGO, shirika la kimataifa la miongozo ya figo, unakubali kundi hili na lililotangulia kwa mwenye hatari ya figo, na unachokataa ni osmolaliti kubwa.

Inamfaa nani: anayepigwa picha ya ateri za miguu, kwa kuwa joto na maumivu hupungua na mgonjwa hatikisiki, mtu ambaye mzigo wa chumvi na maji unamlemea moyo, na yule ambaye daktari wake anataka seli zisiguswe zaidi ya inavyolazimu. Jambo la kukumbuka: vipele vya ngozi vinavyochelewa, saa au siku kadhaa baadaye, huripotiwa zaidi kwa dawa za molekuli mbili.

## Dawa za gadoliniamu

MRI haisomi iodini. Inatumia gadoliniamu, metali ambayo ikiwa huru ni sumu: huziba milango ya utando ambayo seli hutumia kuhisi kuvutwa, milango ya seli nyekundu ikiwemo. Ndiyo maana hufungiwa ndani ya molekuli nyingine isiiachie.

Kwa seli: ukisoma osmolaliti utashtuka. Gadopenteteti ina 1,960, gadobutroli 1,603, gadotereti 1,350, gadoteridoli 630. Kisha tazama kiasi. Mtu wa kilo 70 hupewa mililita 14 za gadotereti, au mililita 7 tu za gadobutroli ambayo imekolezwa maradufu. CT huenda ikatumia mililita 80 hadi 120. Mzigo wote wa osmosi unaofika kwenye damu ni sehemu ndogo ya ule wa CT, na huyeyukia mbali haraka. Kusinyaa kupo, ila ni kwa seli chache na kwa muda mfupi.

Kwa mkondo wa damu: mnato wake ni mdogo na si suala la kujadili.

Kwa selimundu kuna hofu ya zamani inayofaa kuelezwa. Majaribio ya miaka ya 1960 yalionyesha kwamba seli zilizopinda, zikiwa hazina oksijeni, hujipanga kwenye uga wa sumaku. Ikadhaniwa kwamba dawa yenye sumaku ingeongeza hali hiyo na kuziba mishipa midogo, na onyo likaingia kwenye karatasi za baadhi ya dawa. Uzoefu wa wagonjwa haujaonyesha kwamba maumivu ya kuziba yanaongezeka. Na kama kungekuwa na tatizo, sumaku kubwa kabisa chumbani ni mashine yenyewe, ambayo mgonjwa huingia humo awe amedungwa au la.

Wasiwasi halisi wa gadoliniamu hauko kwenye seli nyekundu. Uko kwa mwenye figo zilizokufa, ambaye dawa hukaa mwilini mwake muda mrefu hadi metali ianze kuchomoka. Mwaka 2006 hali hiyo ilihusishwa na ugonjwa wa ngozi na tishu kukakamaa. Molekuli zenye umbo la pete huishika metali kwa nguvu kuliko zenye umbo la mnyororo, na mwaka 2017 Ulaya ilisimamisha au kubana matumizi ya kadhaa za mnyororo.

Inamfaa nani: yeyote ambaye swali lake linajibiwa na MRI: ubongo, uti wa mgongo, ini, viungo. Mwenye figo dhaifu achaguliwe ya pete. Gadoliniamu isitumiwe kama mbadala wa iodini kwenye eksirei. Ilijaribiwa zamani, lakini kiasi kinachohitajika ili picha ionekane ni kikubwa mno.

## Viputo vya altrasaundi

Ni viputo vya gesi, wastani wa mikromita 2 hadi 3, vilivyofunikwa kwa mafuta au albumini. Kwa seli, havina mzigo wa osmosi wa kuzungumzia. Katika majaribio, mawimbi makali ya altrasaundi huvipasua na kuweza kupasua seli jirani, hivyo kipimo hufanywa kwa nguvu ndogo. Kwa mkondo wa damu, mililita chache tu huingia, vinapita kwenye kapilari za mapafu, na gesi hutolewa kwa pumzi baada ya dakika chache. Vinamfaa mwenye figo mbovu kabisa anayechunguzwa ini au moyo.

Ila usifikiri vimeondoa suala la selimundu. Kumeripotiwa maumivu ya ghafla, hasa ya mgongo, kwa baadhi ya wenye selimundu baada ya kudungwa viputo vyenye gesi ya perflutreni, na karatasi ya dawa inaonya hivyo. Mpimaji ajue kabla, na asitishe kipimo maumivu yakianza.

## Kwa hali yako

Damu na figo zako ni za kawaida, umeandikiwa CT: kundi lisilo na chaji lenye osmolaliti ndogo linatosha. Kunywa maji kama ulivyozoea na usihangaike kutafuta iodiksanoli.

Una selimundu: jambo la kwanza si jina la dawa. Ni maji mwilini, oksijeni ya kutosha na chumba kisicho na baridi, kwa sababu ukavu, upungufu wa oksijeni na baridi vinaweza kuzipinda seli bila msaada wa dawa yoyote. Baada ya hapo, osmolaliti ndogo au sawa zote zinafaa, na gadoliniamu ya pete inafaa kwa MRI. Mwambie mpimaji mapema, hata kama fomu haikuuliza. Mwenye vinasaba vya selimundu bila ugonjwa hahitaji utaratibu wa pekee.

Uchujaji wa figo zako uko chini ya mililita 30 kwa dakika: uliza kwanza kama swali la daktari linaweza kujibiwa bila kontrasti. Mawe kwenye njia ya mkojo na damu iliyovuja kwenye ubongo huonekana kwa CT tupu. Ateri za miguu zinaweza kupigwa kwa gesi ya kabonidayoksidi, ambayo haitumiwi juu ya kiwambo, msuli unaotenganisha kifua na tumbo. Ikibidi iodini, osmolaliti ndogo au sawa, kwa kiasi kidogo kinachowezekana, na maji ya mshipa yakipangwa kabla.

Unapitishiwa mrija kwenye ateri: hapa tofauti kati ya dawa ina uzito zaidi kuliko kwenye vena. Dawa iliyopashwa joto, ujazo mdogo, mrija unaosafishwa. Uchaguzi kati ya osmolaliti ndogo na sawa uachiwe daktari anayejua moyo na figo zako.

Mtoto mchanga: ana mililita 80 hadi 90 tu za damu kwa kila kilo ya uzito, hivyo hata mililita chache ni sehemu kubwa ya mzunguko. Osmolaliti na unyevu wa mwili vinahesabiwa kwa makini kuliko kwa mtu mzima.

Ni dharura, na kabati lina aina moja isiyo na chaji: itumike. Kuchelewa kuona ateri inayovuja ni hatari kuliko miiba ya saa mbili.

Na hali moja ambayo husahaulika: kuna kipimo cha nyuklia kinachotumia seli zako mwenyewe zilizowekewa alama ya tekineti, elementi yenye mionzi, ili kutafuta damu inayovuja tumboni au kupima nguvu ya moyo. Iodini iliyodungwa karibuni inaweza kuzuia alama hiyo kushika kwenye seli. Ukiandikiwa vipimo vyote viwili, uliza kama kile cha seli kinaweza kutangulia. CT ikiwa imeshafanyika, waonyeshe wa nyuklia jina la dawa, kiasi ulichopewa na saa uliyodungwa.